Vioski 40 vya maji na sensa mbili: uchambuzi wa kisa cha makadirio ya watu Mombasa

Kisa na mipaka yake

Kisa hiki kinahusu mradi wa vioski vya maji uliopangwa Mombasa mwaka 2013, muda mfupi baada ya serikali za kaunti kuanza kazi. Jina la shirika lililoutekeleza, jina la mfadhili na mitaa vilikojengwa vioski vimeondolewa. Idadi za watu, kinyume chake, zimeachwa zilivyo: ni za sensa za Kenya, na mwenye kikokotoo mkononi anaweza kurudia kila hesabu iliyomo humu.

Swali walilopewa wapangaji lilikuwa jepesi kulitamka. Kuna fedha za vioski 40, kila kimoja na tangi la lita 10,000 na mifereji mitatu. Vigawanywe vipi katika kaunti ndogo sita ili viwafae watu watakaokuwapo mwaka 2019, si wale waliohesabiwa 2009?

Usuli: nchi inakua, lakini si kwa kasi ileile

Kenya ilikuwa na watu milioni 5.4 mwaka 1948. Sensa zilizofuata zikapata milioni 8.6 (1962), 10.9 (1969), 15.3 (1979), 21.4 (1989), 28.7 (1999), 38.6 (2009) na 47.6 (2019). Mfululizo huu ukitazamwa juujuu unamdanganya mtu aone mstari unaopanda bila kuchoka. Ndani yake kuna jambo jingine: uzazi umekuwa ukishuka kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wastani ulikuwa watoto 8.1 kwa kila mwanamke. Mwaka 1989 ukawa 6.7, mwaka 1998 ukawa 4.7, ukasimama kidogo (4.9 mwaka 2003), kisha ukashuka tena hadi 3.9 mwaka 2014 na 3.4 mwaka 2022. Idadi ya watu haikuacha kupanda kwa sababu wasichana waliozaliwa katika miaka ya uzazi mkubwa wamekuwa akina mama, nao ni wengi, hata kama kila mmoja anazaa wachache kuliko mamake.

Kwa hiyo anayekadiria Kenya kwa kuendeleza kasi ya jana huishia juu ya ukweli. Hata mabingwa limewapata. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa 2019 yaliiweka Kenya kwenye watu milioni 52.6 mwaka huohuo. Sensa ya Agosti ikapata milioni 47.6. Toleo hilohilo liliipa nchi karibu milioni 92 kwa mwaka 2050, na toleo la 2022 likateremsha hadi karibu milioni 85. Milioni saba zimefutika katika muda wa miaka mitatu bila mtu hata mmoja kufa au kuhama.

Mombasa ina hesabu yake. Ilikuwa na watu 247,073 mwaka 1969, 341,148 mwaka 1979, 461,753 mwaka 1989, 665,018 mwaka 1999 na 939,370 mwaka 2009. Kwa kila mwaka hiyo ni kama asilimia 3.3, 3.1, 3.7 na 3.5 kwa mfuatano wa miongo. Mji wa bandari haukui kwa uzazi peke yake. Sensa ya 2009 ilikuta wanaume 484,924 na wanawake 454,446, yaani wanaume karibu 107 kwa kila wanawake 100, na huo ndio uso wa mji unaopokea vijana wa kiume wanaokuja kutafuta kazi. Kazi ikipungua au kodi ikipanda, mkondo huo hugeuka haraka kuliko uzazi unavyoweza kugeuka.

Hesabu iliyofanywa 2013

Timu ilifuata njia ambayo karibu kila mpango wa maendeleo wa wakati ule uliifuata. Ilichukua watu wa 2009, ikagawanya kwa watu wa 1999, ikapata 1.4125. Hiyo ndiyo mara ambazo mji ulikuwa umeongezeka kwa miaka kumi. Kisha ikazidisha idadi ya kila kaunti ndogo kwa 1.4125 ili kufika 2019. Jumla ya kaunti ikawa karibu 1,326,900.

Sababu walizoandika zilikuwa tatu. Ya kwanza, sensa zote mbili zilifanywa usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti, hivyo muda kati yake ni miaka kumi kamili na hakuna haja ya kurekebisha miezi. Hii ni sababu nzuri. Mombasa ya Agosti na Mombasa ya Desemba ni miji miwili, na sensa ya Kenya huhesabu mtu pale alipolala usiku ule. Ya pili, mfadhili alitaka hesabu inayoeleweka katika ukurasa mmoja. Ya tatu ndiyo iliyoleta taabu: mgawo wa majimbo wa 2012 ulikuwa umeigeuza Mombasa kutoka majimbo manne kuwa sita. Changamwe ikazaa Jomvu, na Kisauni ikazaa Nyali. Idadi za 2009 zilikuwa zimeshapangwa upya kwa mipaka mipya, lakini za 1999 hazikuwa zimepangwa hivyo. Timu ikaona kwamba kwa kuwa haiwezi kupata kasi ya Jomvu au Nyali peke yake, basi kaunti nzima itumie kasi moja.

Mtu mmoja ndani ya timu alipendekeza kuhesabu paa kutoka picha za setilaiti na kuzilinganisha kwa miaka. Pendekezo lilikataliwa, na kwa haki. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na choo nyuma, ni paa moja inayoweza kuwa na kaya sita, kila chumba na jiko lake la mkaa mlangoni. Nyumba hiyohiyo ikibaki na mwenyewe na wajukuu ni kaya moja. Picha ya angani haioni tofauti hiyo, na Mombasa, ambako watu wengi hujenga kwenye kiwanja wanacholipia kodi ya ardhi bila kukimiliki, ongezeko la wapangaji huingia ndani ya vyumba vilivyopo kabla paa mpya haijaonekana.

Kwa mgawo wa hisa za watu, vioski 40 vikatoka hivi: Kisauni 8, Nyali 8, Likoni 7, Changamwe 6, Mvita 6, Jomvu 5.

Ukiizidisha kila kaunti ndogo kwa namba ileile, hisa zake hazisogei hata chembe. Likoni ilikuwa na asilimia 17.7 ya watu wa kaunti mwaka 2009, na katika makadirio ya 2019 ikabaki na 17.7. Kurasa zote za makadirio hazikuongeza lolote kwenye mgawo; jedwali la 2009 peke yake lingetoa jibu lilelile. Walichonunua kwa hesabu ile ni jumla kubwa zaidi, wakati uamuzi uliokuwa mezani haukuihitaji jumla.

Uamuzi uliookoa mradi

Fedha zilitoka kwa awamu mbili, na timu iliitumia nafasi hiyo vizuri. Badala ya kujenga vyote 40 kwa mfululizo, ilijenga 24 kwanza, ikaandika kwenye mkataba kwamba 16 vilivyobaki vitapangwa upya baada ya matokeo ya sensa ya 2019 kutoka. Mfadhili alilalamika kuhusu gharama ya kusubiri. Timu ilishikilia hoja moja: kioski kikishamwagiwa zege na kuunganishwa na bomba kuu hakihamishiki.

Mgawo wa vioski 24 ulifuata hisa zilezile: Kisauni 5, Nyali 5, Likoni 4, Changamwe 4, Mvita 4, Jomvu 2.

Kilichoonekana vioskini kabla ya sensa

Dalili zilikuja mapema kuliko takwimu. Tangi la lita 10,000 ni mitungi 500 ya lita 20. Mfereji mmoja, ukihesabu kujaza, kufunga, kusogeza mtungi na kupokea pesa, hutoa kama mitungi 40 kwa saa. Mitatu hutoa 120. Yaani tangi lililojaa alfajiri bila maji mengine kuingia hukauka baada ya saa nne na kitu. Likoni na Jomvu hilo lilikuwa jambo la kila siku ya mgao wa maji. Foleni ya mitungi ya manjano ilianza kupangwa usiku, kila mtungi na kitambaa au alama ya rangi ya mwenyewe, na wenye mikokoteni wakichukua 10 hadi 15 kwa mara moja kabla akina mama wenye mtungi mmoja mmoja hawajafika. Jomvu wachuuzi walianza kuvuka kwenda vioski vya Changamwe na kurudi kuuza kwa bei ya juu.

Mvita mambo yalikuwa kinyume. Vioski viwili kati ya vinne viliuza sehemu ndogo tu ya tangi kwa siku. Maji yakikaa tangini juani, klorini hupungua, na joto la Mombasa huharakisha jambo hilo. Kipimo kwenye mfereji kikishuka chini ya miligramu 0.2 kwa lita, maji hayana tena kinga ya kutosha dhidi ya uchafu unaoingia njiani. Wahudumu walilazimika kupunguza kiwango cha kujaza tangi, jambo ambalo ni sahihi, lakini maana yake ni kwamba sehemu ya tangi lililolipiwa ilikuwa pambo.

Sensa ya 2019

Sensa ya 2019, ya kwanza Kenya kufanywa kwa vishikwambi badala ya fomu za karatasi, ilikuta Mombasa watu 1,208,333. Makadirio yalikuwa yamepita ukweli kwa watu 118,600 hivi, yaani asilimia 9.8. Kwa jumla ya kaunti hilo si kosa la kutisha. Ndani ya kaunti ni habari nyingine.

| Kaunti ndogo | Sensa 2009 | Makadirio ya 2019 | Sensa 2019 |
|---|---|---|---|
| Kisauni | 194,065 | 274,100 | 291,930 |
| Likoni | 166,008 | 234,500 | 250,358 |
| Nyali | 185,990 | 262,700 | 216,577 |
| Jomvu | 102,566 | 144,900 | 163,415 |
| Mvita | 143,128 | 202,200 | 154,171 |
| Changamwe | 147,613 | 208,500 | 131,882 |
| Jumla | 939,370 | 1,326,900 | 1,208,333 |

Mvita ilikadiriwa kupita ukweli kwa karibu theluthi. Likoni, Kisauni na Jomvu zilikadiriwa chini, ingawa jumla ya kaunti ilikadiriwa juu. Kiwango kimoja kilizipunja sehemu zinazokua na kuzijaza zilizotulia, kwa wakati mmoja.

Mstari wa Changamwe unahitaji tahadhari. Kushuka kutoka 147,613 hadi 131,882 huku jirani yake Jomvu akipanda kwa asilimia 59 ni jambo linalomfanya mchambuzi makini aulize kuhusu mpaka kabla ya kuuliza kuhusu watu. Wakati wa sensa ya 2009 jimbo la Jomvu halikuwapo; idadi yake iliundwa baadaye kwa kukusanya vipande. Mpaka wa jimbo na mpaka wa kaunti ndogo ya kiutawala havilazimiki kupita barabara ileile. Kipande kimoja chenye watu wengi kikihesabiwa upande huu mwaka 2009 na upande ule 2019, karatasi itaonyesha wahamaji ambao hawajawahi kufunga mzigo.

Dawa yake ni rahisi: rudi kwenye majimbo manne ya zamani. Changamwe na Jomvu kwa pamoja zilitoka 250,179 hadi 295,297, ongezeko la asilimia 18. Kisauni na Nyali kwa pamoja zilitoka 380,055 hadi 508,507, asilimia 34. Likoni ilipanda kwa asilimia 51, na Mvita, ambayo ni kisiwa chenyewe, kwa chini ya asilimia 8. Picha hii haiwezi kuvurugwa na mpaka wa ndani, na inasema jambo lile wakazi wa Mombasa wanaloliona kila jioni pale kivukoni: kazi iko kisiwani, kitanda kiko ng'ambo.

Uamuzi wa 2020 na matokeo

Hisa za 2019 zilitaka mgawo wa Kisauni 10, Likoni 8, Nyali 7, Jomvu 6, Mvita 5 na Changamwe 4. Kwa kuwa 24 vilikuwa tayari vimesimama, 16 vilivyobaki viligawanywa hivi: Kisauni 5, Likoni 4, Jomvu 4, Nyali 2, Mvita 1, Changamwe hakuna. Hakuna kioski kilichohitaji kubomolewa au kuachwa. Laiti vyote 40 vingejengwa kwa mgawo wa 2013, vinne vingekuwa upande usiofaa: viwili Changamwe, kimoja Mvita, kimoja Nyali.

Kwa Jomvu timu haikuiamini idadi ya kaunti ndogo peke yake, kwa sababu ya shaka ya mpaka. Iliwachukua Changamwe na Jomvu kama fungu moja lenye vioski 10, kisha ikashuka hadi idadi za kata ndogo za 2019 kuamua vinne vipya viwekwe wapi. Hivyo hata kama mstari kati ya kaunti ndogo hizo mbili umechorwa vibaya, kioski kinasimama palipo na watu.

Kioski kimoja cha Mvita hakikujengwa mpaka leo. Wasimamizi walipoona vile viwili vya mwanzo vinavyosuasua, wakaomba fedha yake itumike kuongeza tangi la pili kwenye vioski vya Likoni vilivyokuwa vikikauka asubuhi. Mfadhili alikubali.

Uchambuzi: ushahidi uliokuwa mezani

Hoja kwamba mwaka 2013 hakukuwa na namna ya kupata kasi ya kila sehemu haisimami. Sensa ya 1999 ilichapishwa kwa tarafa nne, na tarafa hizo zinakaribiana na majimbo manne ya zamani: Kisauni watu 250,000 hivi, Changamwe 174,000, Kisiwani 146,000, Likoni 95,000. Ukizilinganisha na 2009, unaona kwamba kisiwa kilikuwa kimeacha kukua; kilishuka hata kidogo, kutoka kama 146,000 hadi 143,128. Wakati huohuo Likoni ilipanda kwa robo tatu. Kumpa Mvita ongezeko la asilimia 41 baada ya kuona hivyo ni kukataa kusoma karatasi iliyo mkononi.

Tujaribu basi njia hiyo mbadala, kila tarafa na kasi yake. Inatoa Likoni 290,000, Kisauni ya zamani 578,000, Changamwe ya zamani 360,000 na Kisiwani 140,000. Jumla ni 1,368,000, ambayo imezidi ukweli kwa asilimia 13. Kwa jumla ni mbaya kuliko makadirio ya awali. Lakini angalia hisa. Likoni inapata asilimia 21.2 na ukweli ulikuwa 20.7. Kisauni ya zamani inapata 42.2, ukweli 42.1. Changamwe ya zamani 26.3 kwa 24.4. Kisiwani tu ndicho kinachopunjwa, 10.2 kwa 12.8. Kwa mgawo wa vioski, hesabu hii iliyokosea zaidi jumla ingefaa kuliko ile iliyotumika.

Kwa hiyo kazi ni mbili na zisichanganywe. Jumla ya kaunti ikadiriwe peke yake, kwa kuangalia uzazi, vifo na uhamiaji, na iwe dari. Sehemu zikadiriwe kila moja kwa kasi yake, kisha zote zipunguzwe au zipandishwe kwa uwiano hadi zienee chini ya dari hiyo. Hatua ya pili ndiyo inayosahaulika. Sehemu inayokua upesi ikiachwa bila dari, baada ya miongo mingi inaweza kuwa na watu wengi kuliko kaunti nzima.

Na dari yenyewe ipatikane vipi? Hapa kuna jambo la kuvutia. Kati ya 1999 na 2009 Mombasa iliongezeka watu 274,352. Kati ya 2009 na 2019 iliongezeka 268,963. Karibu sawa. Aliyeongeza idadi ileile ya watu badala ya asilimia ileile angepata 1,213,722, akakosea kwa chini ya nusu asilimia. Wapo walioona hivyo wakatangaza kwamba njia ya kujumlisha ndiyo sahihi kwa Mombasa. Pole pole. Njia hiyohiyo ikijaribiwa muongo mmoja nyuma, kutoka 1989–1999 kwenda 2009, inatoa 868,283 na kukosea kwa karibu asilimia 8 chini, ilhali ile ya asilimia inakosea kwa 2 tu. Kila moja imeshinda mara moja. Zikiwekwa pamoja zinatoa kipimo cha upana wa shaka, na hicho ndicho kinachopaswa kuandikwa kwenye mpango: namba mbili, ya chini na ya juu, na uamuzi unaostahimili zote mbili.

Kwa nini kasi ilipungua? Uzazi ulioshuka ni sababu moja. Ya pili inaonekana ukivuka mpaka wa kaunti. Katika muongo huohuo Mombasa ilikua kwa asilimia 29, Kilifi kwa 31 na Kwale kwa 33. Anayefanya kazi mjini na kupanga Mtwapa au Mariakani anahesabiwa Kilifi. Wanaume kwa kila wanawake 100 nao walishuka hadi 102, dalili kwamba ule mkondo wa vijana wa kiume peke yao si mkubwa kama ulivyokuwa.

Watu, kaya na mitungi

Kosa moja lilijificha kwa sababu lilifutwa na kosa jingine. Timu ilihitaji pia idadi ya kaya, kwa ajili ya kukadiria maombi ya mita za nyumbani. Mwaka 2009 Mombasa ilikuwa na kaya 268,700, wastani wa watu 3.5. Kwa kuzidisha 1.4125 walipata karibu kaya 379,600. Sensa ya 2019 ilikuta 378,422. Tofauti ni chembe, na ripoti ya ndani ikajisifu kwa hilo.

Sifa hiyo haina msingi. Watu walikuwa pungufu ya makadirio kwa laki moja na ushee, lakini kaya zilikuwa zimekuwa ndogo: wastani uliochapishwa 2019 ni watu 3.1. Kaya ziliongezeka kwa asilimia 41 wakati watu waliongezeka kwa 29. Makosa mawili yalielekea pande tofauti yakakutana. Anayegawanya mwenyewe 1,208,333 kwa 378,422 atapata 3.2, si 3.1, kwa sababu wastani wa sensa unawaacha kando walioko kwenye taasisi kama magereza na hoteli. Tofauti hiyo ndogo ikizidishwa kwa laki nne za kaya inakuwa mji mdogo, kwa hiyo chagua tafsiri moja na ubaki nayo mpaka mwisho wa faili.

Kaya ndogo zina maana yake kwa maji. Watu sita katika kaya mbili hutumia zaidi ya watu sita katika kaya moja: kudeki mara mbili, sufuria mbili, ndoo mbili za kufulia. Kwa mita, hesabu kaya. Kwa ukubwa wa tangi la kioski, hesabu watu.

Tena, watu si mahitaji. Vioski vya Mvita havikusuasua kwa sababu ya makadirio pekee. Kwa hisa za 2019 kaunti ndogo hiyo ilistahili vitano na ilikuwa na vinne. Kisiwani visima ni vingi, na maji yake ya chumvi hutumika kuoga, kufua na kusafishia choo, hivyo mtungi wa maji matamu hununuliwa kwa kunywa na kupikia tu. Nyumba nyingi pia zina mfereji wa kampuni, hata kama unatoa siku chache kwa juma. Timu ilitumia lita 50 kwa mtu kila mahali. Namba hiyo ilipaswa kupimwa mtaa kwa mtaa kabla ya tangi kuagizwa. Kuketi kioskini siku mbili, moja ya mgao na moja isiyo ya mgao, na kuhesabu mitungi, kungetosha.

Faili ya 2029

Timu sasa inatumia jumla mbili kwa Mombasa ya Agosti 2029. Ya chini ni 1,477,000, kwa kuongeza idadi ileile ya watu walioongezeka muongo uliopita. Kasi ya asilimia 2 kwa mwaka inafika karibu palepale, 1,473,000. Ya juu ni 1,554,000, ikiwa kasi ya 2009–2019 haitapungua. Sehemu zinakadiriwa kwa mafungu manne ya zamani, zinashushwa chini ya dari, na ndani ya fungu hugawanywa kwa kata ndogo. Kasi ya Likoni imepunguzwa kwa makusudi chini ya ile ya 2009–2019, kwa sababu kutoka 1999 hadi 2009 ilikuwa asilimia 75 na muongo uliofuata 51, na hakuna sababu ya kudhani kushuka huko kumekoma.

Kila kioski kina daftari la mitungi inayouzwa kwa siku. Kioski kikikauka kabla ya saa nne asubuhi kwa zaidi ya nusu ya siku za mwezi, kinaingia kwenye orodha ya kuongezewa tangi bila kusubiri sensa. Kikiuza chini ya robo ya tangi kwa miezi mitatu, kiwango cha kujaza kinashushwa na klorini inapimwa kila asubuhi kwenye mfereji wa mwisho.